Robo ya Mzunguko

Kazi yangu ni kupima mizani.
Si bidhaa: mizani yenyewe.
Nabeba kisanduku cha mawe ya shaba, gramu tano hadi kilo mbili,
kila jiwe limelala katika shimo lake la mahameli
kama jino katika ufizi,
nami siruhusiwi kuyagusa kwa kidole kitupu.
Jasho pia lina uzito, asema Fundi Twalibu,
asiyesema jengine zaidi ya hilo
na bei.

Nina miaka ishirini na minne.
Cheti changu kimo kabatini chuoni, kule Tudor,
kimeshikwa na deni la elfu kumi na nane na mia nne.
Kwenye harusi ya binamu yangu, Kuze,
shangazi aliniuliza, vidole vyake vingali na pilau:
"Na wewe Shebwana, siku hizi wafanya nini?"
Mamangu akawahi kujibu: "Bado yuwatafuta."
Nilikuwa na mwezi wa saba kazini.
Nikatafuna iliki nzima,
nikaimeza.

Usiku, Majengo haina giza la kutosha mtu kujificha.
Taa ya muuza mkaa huingia dirishani,
simu huniletea Aboudi, yuko Doha, ameegemea gari
ambalo huenda si lake, lakini ameegemea,
nami huanza hesabu yangu:
toa shule, toa kimo,
toa kigugumizi kinachosimama mlangoni mwa kila T,
toa, toa,
mpaka nifike pale ambapo kutoa nako hakuna cha kushika.
Mtu aweza kuwa mwepesi hivyo
na bado godoro likabonyea.

Jumanne, soko la Kongowea.
Mvua imepita, maji meusi baina ya mafungu ya kabeji.
Kadzo, muuza viazi, akanisukumia mizani yake:
"Itazame hii. Yaninunia."
Niliweka jiwe la kilo.
Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye mia tisa na arubaini.
Nikaondoa jiwe. Haukurudi sifuri.
Ulilala chini yake, gramu sitini ndani ya deni,
kabla hata ya kuwekewa kitu.

Nikamwambia: kila kilo uliyouza, ulimwongeza mteja kiazi kimoja.
"Tangu lini?"
Kutu ya springi yasema miaka miwili.
Hakulia. Hakulaani. Aliketi juu ya gunia
akasema, kama anayehesabu chenji:
"Nami nikidhani ni mimi.
Nikidhani sina mkono wa biashara.
Mume akisema, dada akisema,
nami naitikia: kweli."

Bisibisi ikanigandia mkononi.

Kuna parafujo ndogo chini ya sahani,
haionekani mpaka uilalie ubavu.
Robo ya mzunguko, upande wa kuume.
Mshale ukapanda kama mtu aamkaye nyumba ya ugenini,
ukasita,
sifuri.
Kadzo akatupia kiazi. Gramu sabini na mbili.
Kiazi kilekile, chenye tope na jicho moja,
hakikuongezwa kitu.

Sitasema nilirudi nyumbani mtu mwengine.
Nilirudi na njaa, na tope viatuni,
nikamkuta mamangu mlangoni na jirani.
"Huyu naye bado..."
"Nafanya kazi kwa Twalibu," nikasema.
T ilininasa. Nikaingoja. Ikapita.
Jirani akauliza kama naweza kutazama mizani ya bucha la mwanawe.
"Kesho," nikamjibu. "Ila si bure."

Usiku huo nilijaribu mshororo mmoja,
kwa vidole, vile tulivyofunzwa shuleni kuhesabu mizani,
nane kwa nane, kumi na sita:
Nipimeni tena leo, nina uzito wangu.
Nikahesabu. Kumi na tano.
Nikahesabu upya, maana hata mkono huu huenda una kutu.
Kumi na tano.

Pa kuongeza silabi napajua.
Nimeuacha hivyo hivyo.